Chai nusu kikombe

Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe) na kaka yangu, hapa Nairobi. Yeye ndiye amesema niandike, mradi nisimtaje jina.

Tumetafuta kikundi tangu atoke hospitali. Tulidhani ni pesa nyingi kama rihabu, vile vituo vya kutibu ulevi.

Kumbe hakuna ada! Kikapu kinapitishwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho anakipitisha kwa jirani. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha pombe. Chama chenyewe kilianza 1935 kule Akron, Marekani, walevi wawili wakishikana mkono.

Leo ulikuwa mkutano wa wazi, ndiyo maana hata mimi niliruhusiwa kuingia. Yaliyosemwa mle yanabaki mle, kwa hiyo msiniulize.

Ila ya chai nitasema.

Mikono ya kaka bado inatetemeka. Mzee aliyeshika birika alimtazama mara moja, akammiminia nusu kikombe. Wengine wote akawajazia hadi juu.

Hakusema neno.

Kaka akanywa bila kumwaga hata tone, akarudi kuomba nyingine. Mimi hapo machozi yakanilenga. Nyumbani amesemwa, ameombewa, amefichiwa pesa. Nusu kikombe hakuna aliyewahi kuifikiria.

Jumatatu anarudi kazini Mombasa. Wa huko, mnajua kikundi kinachokutana jioni, hasa upande wa Likoni? Niandikieni inbox.

Na jamani, msinitumie zile dawa za kumtilia mtu kwenye chakula bila yeye kujua. Hizo tulishauziwa.