Bamvua la leo

Leo bamvua, yale maji makuu ya bahari, limepanda mpaka njiani huku usita wa mbele, barabara ya pwani Lamu, muuza kahawa kainua jiko lake juu makaa bado yawaka, maji yampita vifundoni na vikombe vyagongana kwenye ndoo, na wateja wamekaa tu wamekunja miguu barazani 😅

Mzee mmoja akasema, "Dunia ishaharibika hii, wenye viwanda ni wengine huko, sisi twaweza nini?"

Kweli, moshi mwingi unaoharibu hali ya hewa na kuipandisha bahari si wetu. Lakini wallahi nilichemka.

Nikamwambia mzee wangu, ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, hapa hapa Lamu, si tuliambiwa hivyo hivyo, hamuwezi kuuzuia? Tukapinga, na 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake!

Akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Nyie mwasemaje, nimebishana bure?