Safari, filamu na wakati uliopita wa Kiingereza

Andika safari moja uliyowahi kufanya kwa sentensi 8. Matukio yanayofuatana yabaki katika wakati uliopita wa kawaida: “we packed”, “we left”. Kisha ongeza yaliyokuwa yakiendelea pembeni: “it was raining”. Halafu rudi nyuma mara moja tu: “When we reached the station, the train had left.” Treni ilishaondoka, hamkuiona. Ukisema “the train left”, msikilizaji ataelewa kwamba iliondoka mlipofika, pengine mbele ya macho yenu. Neno moja, habari tofauti kabisa.

Mtego wetu mkubwa ni -me-. Kiswahili hakina tatizo na “nimefika jana”, lakini “I have arrived yesterday” ni kosa. Ukishataja jana au mwaka 2019, sema “arrived”. Na “didn't went” iache kabisa: “did” imeshabeba wakati, kitenzi kinabaki “go”.

Kwa filamu, dakika 2 zinatosha. Washa maandishi ya Kiingereza, tazama, simamisha, kisha simulia kilichotokea huku ukijirekodi. Usiige mihtasari ya filamu ya mtandaoni, maana mingi huandikwa kwa wakati uliopo. Ukisikiliza rekodi, kagua miisho: “walked” ni silabi moja na huishia na sauti ya t; “wanted” ndiyo yenye silabi mbili. Wengi huzitamka zote kwa silabi mbili, hata wanaoandika vizuri.