Jinsi nilivyofufua kiwanja cha vumbi la kokoto

Kiwanja chetu Buhongwa, Mwanza, kilisagiwa kokoto miaka mingi. Mashine zilipoondoka ziliacha vumbi la mawe lililoshindiliwa na malori. Ukipiga jembe linaruka. Samadi niliweka mara mbili, mvua ikaisomba.

Kilichosaidia ni tope la majitaka. Kwanza nilikosea, nikalimwaga bichi. Harufu! Mama jirani akaniita: "Mwanangu, unatuzika tukiwa hai?" Nikalizoa lote.

Safari ya pili nilichukua lililokaushwa kabisa, nikalichanganya na pumba za mpunga, nikarundika na kufunika turubai. Kipimajoto nilikichomeka katikati: rundo likikaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mayai ya minyoo hufa. Nililigeuza mara tano ili la nje nalo liingie ndani lipate joto. Ndipo nikatifua ardhi kwa sululu, nikachanganya.

Mboga sikupanda, maana tope la mjini huweza kubeba risasi na metali nyingine nzito. Nilipanda mijohoro na nyasi za vetiva, nikachimba mtaro upande wa chini unase maji yanayotiririka kutoka kwenye tope. Fosforasi, rutuba iliyomo kwenye tope hilo, ikifika Ziwa Victoria inalisha magugu maji.

Mvua za vuli zilipokatika nilifukua kiganja kimoja cha udongo. Mweusi, na nyungunyungu wawili ndani.