Nyumba Isiyopata Wingu

Somo: Ezra 3:10–13; Hagai 2:1–9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Ezra 3:13. Msingi wa hekalu jipya umewekwa Yerusalemu. Makuhani wamevaa, tarumbeta zinalia, Walawi wana wa Asafu wanapiga matoazi. Wengi wanashangilia, ila wazee wanaangua kilio, na sauti hizo zinachanganyika hata watu hawawezi kupambanua ipi ya furaha na ipi ya msiba.

Wazee walikuwa na la kuwaliza. Nyumba ya Sulemani ilichomwa moto na Wababeli mwaka 586 KK, na zile nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi, zikavunjwa vipande vikachukuliwa Babeli. Sasa imepita kama miaka 50. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati ule ana mvi leo, na dhahabu ile bado anaiona akifumba macho. Akifumbua, ni mawe.

Tulipobomoa kanisa letu la zamani ili tujenge kubwa, bibi mmoja alikuja asubuhi mapema akasimama pale palipokuwa na benchi lake, kanga kaishika mdomoni. Sisi vijana tulikuwa tunapiga picha. Nilidhani hapendi maendeleo. Mungu anisamehe.

Ezra hasemi kwamba kuna aliyewanyamazisha wale wazee. Kazi yenyewe baadaye ilizuiwa, ikalala hadi mwaka wa pili wa mfalme Dario wa Uajemi, ndipo nabii Hagai akatumwa. Tazameni tarehe aliyosimama: siku ya 21 ya mwezi wa saba, sikukuu ya vibanda ikiwa inaendelea. Mwezi huohuo wa saba ndio Sulemani alioweka wakfu nyumba yake. Yaani Hagai anauliza swali lake siku zilezile linapouma: nani kati yenu aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Si kama si kitu machoni penu? Hakuwaambia wamekosea hesabu. Aliwaambia wajipe moyo wafanye kazi, maana Bwana yu pamoja nao, na utukufu wa baadaye utaupita ule wa kwanza.

Basi nyumba ikaisha kujengwa, ikawekwa wakfu. Sulemani alichinja ng'ombe 22,000 na kondoo 120,000. Hawa walitoa ng'ombe 100, kondoo waume 200 na wana-kondoo 400. Hilo mimi halinisumbui, mtu hutoa alicho nacho. Linalonisumbua ni wingu. Siku ya Sulemani wingu la utukufu wa Bwana liliijaza nyumba hata makuhani wakashindwa kusimama wahudumu. Soma Ezra 6 mstari kwa mstari: furaha ipo, zamu za makuhani zimepangwa, Pasaka inafuata. Wingu halitajwi.

Mamia ya miaka yakapita. Mfalme Herode akaja akaipanua kwa fahari yake. Kisha siku moja mume na mke kutoka Nazareti wakapanda na mtoto mchanga na sadaka ya ndege wawili, ile ambayo sheria iliwaruhusu wasiomudu mwana-kondoo. Hakuna tarumbeta iliyopigwa. Simeoni akampokea mtoto mikononi, na Ana, mjane wa miaka 84 asiyebanduka hekaluni usiku na mchana, akasogea saa ileile akaanza kumshukuru Mungu.