Kumbe walikuwa wanauliza linachuja au halichuji

Jamani huu mwaka wa tatu nauza mashuka Kariakoo, na matangazo yangu yote yalikuwa yanaanza na "sisi ndo wauzaji bora wa mashuka", mara "karibuni sana dukani kwetu", watu wanapita tu kama hawajaona. Juzi mvua ikanifungia dukani, nikasema ngoja nipitie meseji za wateja za nyuma, yaani hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama sisi ni bora 😂 Wanauliza linachuja? La 6 kwa 6 linaingia chini ya godoro la inchi 10 au usiku linachomoka? Mbagala boda shingapi?

Nikachukua shuka jekundu nikalifua kwenye beseni pamoja na fulana nyeupe ya mwanangu (roho mkononi, sitanii), nikarekodi maji yalivyo, chini nikaandika tu "Angalia maji. Godoro la inchi 10 linafunika. Mbagala boda 5,000". Jina la duka hata sikutaja. Mpaka saa nne usiku simu inaita, dada mmoja wa Tegeta kachukua mawili, halafu ananiuliza na hilo beseni unauza?