Ufagio Si Adhabu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wana-shirika na walimu wenzangu.

Nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya Rozari, kwa kuwa tumo katika mwezi wa Oktoba na Mama Bikira Maria anastahili neno letu la kwanza. Lakini juma hili limenilemea kwa jambo jingine, na kila nilipoishika rozari yangu jambo hilo lilikuja likasimama kati ya Salamu Maria moja na nyingine, hata nikaona ni afadhali niliseme kwanza.

Jumanne asubuhi watoto saba wa darasa langu la tano walichelewa kufika shuleni. Kama ilivyo desturi ya shule yetu, na ya shule nyingi hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, niliwapa adhabu ya kufagia uwanja, na kwa kuwa kabati la darasa lilikuwa limejaa makaratasi ya mwaka jana, niliwaagiza walisafishe na hilo. Mmoja wao alirudi mlangoni na kuniuliza taka azipeleke wapi. Nilikuwa ninaandika ubaoni, sikugeuka. Nikamwambia, "Tupa huko chini." Huko chini ni korongo lililo nyuma ya ukuta wetu, ambamo maji ya mlima mzima hupita kila mvua inyeshapo, nasi tumezoea kusema kwamba mvua itakuja kuchukua. Usiku ule mvua ilikuja, ile ya Oktoba ambayo kila mtu wa mji huu anaijua, inayopiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wasisikizane. Haikuchukua taka zetu mbali. Korongo liliziba kwa makaratasi, majani na mifuko ya plastiki, maji yakatafuta njia nyingine, na tope likaingia katika nyumba ya mama mmoja mjane wa shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, anayekaa chini kabisa ya shule pamoja na wajukuu wake.

Alhamisi jioni tulikwenda kumpa pole na kusali pamoja naye. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, na mstari wa tope ulionekana kwenye udongo wa ukuta karibu na magoti. Nje, kwenye kamba ya kuanikia nguo, kando ya nguo za wale watoto, niliona makaratasi yameanikwa moja moja. Nilisogea. Yalikuwa makaratasi ya mazoezi ya hesabu ya mwaka jana, yenye alama nilizoziandika mimi kwa kalamu nyekundu, na sahihi yangu chini yake. Yule mama alikuwa ameyaokota kutoka kwenye tope, akayasuuza kwa maji ambayo kuyapata kwenyewe ni shida, akayaanika, kwa sababu alifikiri yamechukuliwa na mvua kwa bahati mbaya na kwamba mtoto fulani angegombezwa kwa kuyapoteza. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, nimeokota yale niliyoyaona. Mengine yamechanika."

Sikuweza kumjibu jioni ile. Nilisali pamoja na wengine, nikatamka "nimekosa mno kwa mawazo, na kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu", na nilipofika kwenye neno la wajibu sauti yangu ilikatika. Siku ya pili yake alfajiri nilishuka tena peke yangu, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba msamaha. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema, na msamaha wake umenifanya nifikiri zaidi kuliko kama angenikaripia.

Mwanzoni nilidhani kosa langu lilikuwa ni neno moja, lile "tupa huko chini". Nilipozidi kulipeleka mbele ya Bwana, niliona kwamba neno hilo lilikuwa tunda tu, na kwamba mzizi wake ni wa zamani zaidi. Mzizi ni kwamba, katika shule yangu na kwa mkono wangu, kutunza mahali tunapoishi kumekuwa adhabu.

Ndugu zangu, fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, aya ya kumi na tano. Nyoka hajasema neno bado, hata Eva hajaumbwa, hakuna mtu aliyejificha wala aliyeona aibu, na hapo ndipo imeandikwa kwamba Bwana Mungu alimtwaa mtu, akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza. Miiba na michongoma inatajwa katika sura ya tatu, na jasho la uso vilevile, baada ya anguko. Nimefundisha sura hizi mbili katika katekisimu kwa miaka mingi, watoto wamezikariri, na sikuwahi kuona kwamba mimi mwenyewe ninazichanganya kila asubuhi langoni. Kazi ambayo Mungu alimpa mtu asiye na dhambi, kama cheo, mimi nimeigawa kama kifungo kwa mtoto aliyechelewa. Kisha namshangaa mtoto huyo anapokua na kuukimbia ufagio kama mtu anayekimbia kesi.

Tazameni pia sura ya sita ya Injili ya Yohane, ambayo tunaipenda kwa sababu ya mikate mitano na samaki wawili, lakini tunaifunga haraka mno watu wakisha kushiba. Wanaume wapata 5,000 walikuwa wamekula. Palikuwa na majani tele mahali pale, asema Yohane, na mabaki yalikuwa yametapakaa katika majani hayo. Yesu, ambaye alikuwa ametoka kuonyesha kwamba anaweza kuumba chakula kingi apendavyo, na ambaye kwake kipande cha mkate wa shayiri hakikuwa na upungufu wowote wa kuogopwa, aliwaambia wanafunzi wake, "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu." Hakutafuta waliochelewa kufika mlimani. Hakuwaita waliokosa kusikiliza mahubiri. Aliwaambia Mitume, Petro na Andrea na Filipo, watu ambao Kanisa limejengwa juu yao, nao wakainama, wakaokota, wakajaza vikapu kumi na viwili. Kila Mtume alishika kikapu! Nimeisikia Injili hiyo ikisomwa tangu nikiwa mtoto wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki, na ni juma hili tu, mbele ya kamba ya nguo ya mjane, nilipoelewa kwamba kuokota mabaki ni utumishi wa kitume.

Na sasa niruhusuni niseme nasi walimu kwa ukali kidogo, nikianza na mimi mwenyewe. Ni mtoto gani tunayempa heshima ya kufuta ubao na kubeba daftari la mahudhurio? Ni yule anayeongoza darasani. Ni nani tunayempa ufagio na ndoo ya taka? Ni mchelewaji na mtundu. Je, mliwahi kuuliza wachelewaji wetu wanatoka wapi? Mimi niliwauliza wale saba siku ya Ijumaa, baada ya kukaa nao mwaka mzima bila kuuliza. Watano walikuwa wamechelewa kwa sababu ya maji: bomba la mtaa halitoi kitu, wanaamka gizani kushuka chemchemini, wanapanga foleni, wanapanda mlima na vibidoni vya maji kichwani, ndipo wavae sare. Mtoto ambaye amekwisha kubeba maji ya nyumba nzima kabla jua halijachomoza, sisi tunampokea langoni na kumwongezea uwanja wa kufagia, huku wenzake waliolala hadi saa kumi na mbili wamekaa kwenye madawati wakimtazama dirishani. Tunajenga dhamiri gani kwa namna hiyo? Tunamfundisha anayetazama kwamba uchafu ni wa wengine, na anayefagia kwamba dunia ni mzigo wa wanyonge. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wale tuliowalea hivyo miaka ishirini iliyopita ndio leo wanaongoja mvua ianze kunyesha ili wamwage ndoo ya taka mferejini. Wengi wao ni Wakristo wema wanaohudhuria Misa. Mimi ni mmoja wao.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote, hakuona haya kushuka hadi mambo madogo kabisa: namba 211 inataja kuepuka matumizi ya plastiki na karatasi, kutenganisha taka, kupanda miti, kupika kile tu tutakachokila. Wakati fulani nilidhani mambo hayo ni madogo mno kwa barua ya Papa. Leo nasoma kwamba anayaweka chini ya neno la malezi, yaani meza yangu na ubao wangu. Na sisi tuliokifunga Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, majuma ya sala kwa ajili ya kutunza viumbe, kwa nyimbo tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tulikuwa tumeimba juu ya korongo lililojaa.

Korongo hilo halikomi kwa mjane. Yanayompita yeye yanashuka ziwani, na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi unaoanzia hapa kwetu. Chupa na mifuko inayoelea hukusanyika mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi na kusumbua mitambo, hivyo giza tunalolalamikia jioni lina sehemu ya mikono yetu. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na bado akina mama wanaouza mandazi na karanga langoni mwa shule hutufungia kila kitu ndani ya sashe, vifuko vile vile vya plastiki, nasi twapokea.

Najua kuna atakayesema kwamba katika nyakati hizi za vita na hofu, watu wakiwa wamepoteza kazi na jamaa zao, si wakati wa kuzungumzia taka. Neno hilo nimelitafakari kwa heshima, maana hata nyumbani kwangu kuna aliyelisema. Lakini mwenye heri wetu wa Kivu, Floribert Bwana Chui wa Goma, naye aliishi katika nyakati ngumu. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa, akakataa kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru watu, na kwa ajili hiyo aliuawa Julai 2007, akiwa kijana wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Chakula kile kingeliwa na watu asiowajua, katika nyumba ambazo asingeziona kamwe, naye aliwahesabu kuwa jirani zake. Mimi nilimjua aliye chini ya ukuta wangu, tunasali naye kila juma, na sikumhesabu.

Ijumaa niliongea na watoto wangu. Niliwaeleza makaratasi yale yalifika wapi, nikawaambia kwamba aliyekosa ni mwalimu wala si yule aliyeyabeba. Mtoto yule nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, na nakiri kwamba miguu yangu ilikuwa mizito kuliko siku niliyoungama kwa padri. Kisha nilichukua ufagio, nikaanza kufagia kutoka chini ya ubao kuelekea mlangoni. Kwa muda hakuna aliyejongea, walikuwa wakiniangalia kana kwamba kuna jambo limeharibika. Msichana anayeongoza darasa alisimama wa kwanza. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure mwaka 2019 madarasa yetu yamefurika, na mara nyingi nimelilalamikia jambo hilo mbele za Mungu. Siku hiyo, kwa wingi wa mikono, uwanja wote uliisha kabla ya kengele.

Mkurugenzi wa shule amekubali kwamba kuanzia juma lijalo kufagia kutafuata zamu za madarasa, walimu wakiwemo, na kwamba mchelewaji ataulizwa kwanza kilichomchelewesha. Nyuma ya ukuta tumeanza kuchimba shimo la majani, maganda na makaratasi, vitu vinavyooza na kurudi kuwa udongo. Plastiki tutaiweka kando ndani ya gunia, na akina mama wa langoni nitawaendea mwenyewe kuwaomba warudie majani ya migomba. Xaveri, vijana wa chama cha Kikatoliki cha parokia, wameahidi miche ya mianzi ya kushika kingo za korongo.

Wapendwa, nawaombeni mje. Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi tutashuka kuzibua korongo na kuondoa tope katika nyumba ya mama yetu, kila mtu na jembe au sepetu yake, na mwenye ndoo alete ndoo. Tulikuwa tumependekeza Jumatano, lakini yeye ametuomba tusije siku hiyo, kwa kuwa huamkia sokoni Kadutu na asingependa tufike bila yeye kuwapo kutukaribisha.