Elfu moja mia tano ya bodaboda

Pale Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, kuna kijana ana mashine ya kupima uzito na urefu inayojinadi yenyewe kutwa nzima kwa sauti ya kurekodi. Miaka yote nampita kama sisikii. Jumamosi ya kwanza ya Januari 2024 sijui nini kilinipata, nikampa mia tano yake.

"Vua viatu dada. Simama wima, angalia mbele."

Kijibao kikashuka kikanigusa utosini, kikaratasi kikatoka: kilo 84, sentimita 158. Chini yake pameandikwa neno ambalo sikupenda lisomwe na watu watatu waliokuwa nyuma yangu. Kijana akaona uso umenishuka, akajitia kunifariji: "Ila na hizi mashine dada, siku nyingine zinazidisha."

Haikuzidisha. Jumatatu nikaingia zahanati ya karibu na nyumbani, Kimara. Presha 146 kwa 94. Nikakalishwa kwenye benchi nusu saa, ikapimwa tena, ileile. Nesi, mama mtu mzima, hakunitisha. Alisema nirudi wiki ijayo wahakikishe, na kwamba kabla hatujafika kwenye vidonge kuna yaliyo mikononi mwangu: chumvi, sukari, mafuta, na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki.

"Nesi, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Hizo dakika nazitoa wapi?"

"Zipo mama. Zitafute."

Jibu hilo lilinikera kweli. Dakika 150 niliona ni za watu wa Masaki, wanaokimbia jioni juu ya Daraja la Tanzanite na kichupa cha maji mkononi.

Sasa, mimi kazi yangu ni kuandika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari ya inchi tatu imebaki boksi ngapi, naweza kukwambia nikiwa usingizini. Lakini mshahara wangu mwenyewe ulikuwa ukifika tarehe 15 sijui umepitia mlango gani. Mganga hajigangi. Januari hiyo tulikuwa tumetoka kwenye sikukuu, watoto wanataka sare na madaftari, na kodi ya miezi sita, 720,000, ilikuwa imelipwa kwa kukopa kwa shemeji. Nikachukua kaunta buku, nikakaa kitandani na simu, nikaanza kunakili meseji za miamala za mwezi wa kumi na moja. Desemba niliiacha, Desemba ni mwezi wa wazimu.

Nyingi zilikuwa kama nilivyotegemea. Umeme, gesi, bando, makato ya kutolea hela ambayo nayo yana tabia ya kujificha. Vitu viwili ndivyo vilivyonisimamisha. Cha kwanza chipsi: mara kumi na nne kwa mwezi, chipsi mayai na soda kwenye banda la pale kituoni, wastani elfu nne kila mara. 56,000. Cha pili bodaboda ya jioni kutoka Kimara Mwisho hadi kwetu upande wa Bonyokwa, 1,500 kwa siku 26. 39,000. Jumla 95,000, na kodi yetu kwa mwezi ni 120,000.

Kesho yake nilishuka kwenye mwendokasi nikawapita bodaboda wangu, wakabaki wananishangaa, nikatembea huku naangalia saa. Dakika 25 mpaka mlangoni. Nikaandika kwenye kaunta buku 25 mara siku sita. 150. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Dakika za nesi zilikuwepo kweli, ila nilikuwa nazilipia 1,500 kila jioni ili nisizitembee.

Nikanunua kibubu kwa fundi seremala wa barabarani, cha mbao, kimepigiliwa misumari kote. Sharti likawa moja tu: jioni nikitembea, naweka noti ya elfu na sarafu ya mia tano, palepale nikiingia, kabla sijavua viatu. Nikipanda bodaboda, siweki. Sikuweka lengo la kilo wala lengo la akiba. Malengo ya Januari ninayajua, hayafiki Pasaka.

Usidhani ilikwenda vizuri. Wiki ya pili mvua za El Niño zilikuwa bado zinanyesha, njia yetu ina udongo mwekundu, nikaanguka kwenye mteremko mchana kweupe mbele ya vijana wa kijiweni. Walikuja kuniinua, lakini nilisikia kicheko kabla ya pole. Toka hapo natembea na raba kwenye mfuko wa plastiki, viatu vya ofisini vinabaki dukani.

Kabla ya hapo nilishajaribu klabu ya jogging ya mtaani, Jumapili alfajiri. Watu wazuri, nyimbo nzuri, nilifurahi. Ila siku ya kwanza tu nilidaiwa hela ya jezi, halafu tukimaliza kukimbia kundi zima linahamia kwenye supu. Supu, chapati mbili, soda. Mahesabu yangu yalinionyesha nimekimbia ili nile. Nikaaga kwa heshima.

Upande wa chakula nilianza kwa pupa. Nilisoma mahali kwamba ukipika maharage mengi ukayagandisha kwa mafungu, wiki nzima umepumzika. Jumapili nikachemsha kilo tatu kwenye jiko la mkaa, nikafunga vifuko vizuri, nikavipanga kwenye friji. Nilisahau kwamba tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Jumanne usiku nilipofungua, harufu yake jirani aliisikia. Maharage ya kilo tatu yakaenda shimoni, na nililia kidogo, nisiseme uongo. Sasa nachemsha ya siku mbili tu.

Mume wangu hakutaka kabisa kusikia habari ya dona. "Mke wangu, mimi dona nililiaga bweni. Nimefungwa tena?" Hatukugombana. Nikawa nachanganya nusu dona nusu sembe, na kwa wiki mbili hakujua. Alipojua alikuwa ameshazoea. Dona nanunua kilo mbili mbili mashineni, maana halikai, lina kiini chake ndani na likikaa linachacha na kuingia wadudu. Mboga nikahamia kwenye matembele, mchicha na kisamvu kutoka gengeni, mafuta nikaacha kumimina kutoka kwenye dumu, napima kwa kijiko. Hiki kijiko kimeokoa hela kuliko nilivyodhani: lita tatu zilikuwa hazimalizi wiki mbili, sasa zinavuka tatu.

Sukari nilisaidiwa na soko. Mnakumbuka Februari ile, mashamba ya miwa yamejaa maji, viwanda havipati miwa, kilo ikauzwa 4,000 na kupanda, tena kwa Mangi unaomba kama unaomba kura. Nilikuwa natia vijiko vitatu kwenye chai. Nikashuka viwili, kikawa kimoja. Bei iliporudi chini, ulimi wangu ulikuwa umekataa kurudi. Soda nayo nikaiacha siku niliyosoma kwamba chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko vinane vya chai. Hebu pima vijiko vinane kwenye kikombe, uviangalie.

Chipsi sikuacha. Ijumaa jioni nakula, kavu, na kachumbari nyingi, na muuzaji ananitania kwamba nimemfilisi. Mchana kazini nabeba hotipoti yangu. Mwanzoni wenzangu waliniona bahili, sasa tuko wanne, na mama ntilie wetu bado tunamuunga mkono Jumamosi.

Aprili mvua za masika zilinirudisha kwenye bodaboda siku nyingi. Kuna wiki nzima kibubu hakikuguswa. Zamani ningesema basi, mwaka umeharibika, tuonane Januari. Kilichonirudisha ni kukiona pale juu ya kabati, kimya, kila nikiingia. Kaunta buku unaweza kuifungia kwenye droo. Kibubu kinakutazama.

Zahanati nimerudi mara tatu. Ya mwisho, Juni, ilikuwa 132 kwa 84, na nesi akasema tuendelee hivihivi huku wakinifuatilia. Yule kijana wa Msimbazi naye nikampelekea mia tano yake: kilo 77. Karatasi bado ina lile neno, maana kwa urefu wangu saba bado hazijatosha. "Umeona dada, sikukuambia zinazidisha?" akasema.

Tarehe 30 Juni, Jumapili, nikakivunja kibubu sebuleni, watoto wanashangilia. Kwanza nikahesabu sarafu za mia tano: 125. Sawasawa na alama nilizoweka kwenye kalenda, jioni 125 za kutembea. Nikahesabu noti za elfu. 119. Nikazihesabu tena. 119.

Mwandika hesabu hapotezi noti sita. Sarafu haivutiki kwenye tundu, lakini noti inavutika kwa kisu chembamba mtu akiwa na subira. Nikamwangalia mume wangu. Akawa anaangalia feni.

"Labda kuna siku uliweka sarafu tu," akasema.

181,500 zikaenda kwenye kodi ya Julai, na kidogo kwa shemeji. Jumatatu jioni, nikitembea kurudi, nilipita kwa fundi seremala kuagiza kibubu kingine. Nikamwambia tundu alitoboe jembamba zaidi, tena kwa pembeni, na ndani apigilie kibao cha kuzuia kisu. Akanitazama, akatabasamu. "Mama, vya namna hiyo naagizwa sana," akasema.